Nusu marathoni ya masika: shajara ya mradi, Tanga 2024

Mei ni mwezi wa mvua Tanga, na hakuna mtu wa hapa asiyelijua hilo. Kikundi chetu cha mbio za alfajiri kiliuchagua hivyo hivyo kwa nusu marathoni yetu kwa sababu kabla yake kulikuwa na Ramadhani, na baada yake kila mtu ana safari zake. Umbali ni ule wa nusu marathoni popote duniani: kilomita 21 na mita 97 na nusu.

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, umri umeshapita arobaini, nashinda nimekaa. Ukiona humu mambo ya mishono yamezidi mambo ya mbio, ndiyo sababu. Naandika kila hatua inapokwisha, na bei naziweka kama nilivyolipa.

18 Februari. Njia na bajeti

Njia tumeipima kwa simu: tunaanzia Raskazone, tunapita Bombo, tunaingia mjini, Chumbageni, kisha tunaishika barabara ya Horohoro kuelekea Amboni. Simu ikionyesha kilomita kumi na nusu na mita hamsini hivi, tunageuka na kurudi tulikotoka. Ni lami karibu yote, na milima hakuna ya kutisha.

Mazoezi ni mara tatu kwa wiki: mbio fupi mbili za kilomita tano baada ya kufunga duka, na moja ndefu Jumapili inayoongezwa kilomita moja au mbili. Kila wiki ya nne inapunguzwa ili mwili upumue. Hapa sina jipya la kusema.

Kaskazi bado inavuma na joto la Februari halina mchezo, kwa hiyo Jumapili tunatoka mara tu baada ya swala ya alfajiri. Jua likishapanda juu ya bahari, kila kilomita inakuwa mbili.

Nimetenga shilingi 120,000 kwa kila kitu. Kati ya hizo, 15,000 ni mchango wa kikundi: maji njiani, gari la kubebea mabegi, na chai mwishoni.

10 Machi. Raba

Raba za dukani zilinishinda bei, nikaenda mtumba. Muuzaji alianza na 55,000, tukamalizana kwa 38,000. Nilizikagua hivi: kwanza nilizikunja katikati ya unyayo kuona kama kuna nyufa, kisha nikavaa na soksi nene na kusimama. Mbele ya kidole kirefu lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia muda mrefu, na ukilowa huvimba zaidi.

Kisichoonekana kwa macho ni gundi. Raba ya mtumba inaweza kuwa imekaa kwenye kontena na bohari miaka mingi, gundi ikakauka ndani kwa ndani. Ya kwangu ilishika vizuri kwenye vumbi, lakini nilipokanyaga dimbwi moja tu karibu na Mabanda ya Papa, soli ya kulia ilianza kuchanua kwa mbele. Fundi viatu aliipaka gundi kwa 2,000. Mvua iliyofuata ikaichanua tena, safari hii na ya kushoto ikafuata.

Kilichokubali ni kushona. Nilimpelekea fundi uzi wangu mwenyewe wa nailoni, ule tunaoshonea begi. Akauvuta mara mbili kwenye kipande cha nta, akatoboa kwa shazia kutoka pembeni mwa soli kwenda ndani, tundu moja kila nusu sentimita, akazunguka raba nzima. Alichukua 5,000 na mchana wote. Nilimuuliza kama maji hayataingia kwenye matundu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Dada yangu, maji yataingia kwa juu. Haya matundu ni ya kutokea." Na kweli, kwenye mvua raba inayotoa maji ni bora kuliko ile inayojidai haiingizi.

24 Machi. Ramadhani

Mfungo umetukuta katikati ya programu. Wanaosema usikimbie kabisa wana hoja yao, lakini nilitaka kuona kipi kinawezekana.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukimbia kabla ya futari, nikimaliza karibu na adhana ya magharibi ili nifungue papo hapo. Kwa dakika ishirini inakwenda. Zaidi ya hapo nilipata kizunguzungu, na siku moja nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara ya Bombo nikisubiri dunia iache kuzunguka. Joto la jioni halijatoka ardhini saa hizo, na mwili haujapata tone la maji tangu daku. Nimeliacha.

Jaribio la pili ni baada ya tarawehe. Tumbo limetulia kama hukufuturu kwa pupa, na maji nimeshayanywa. Tatizo ni giza, na pikipiki zisizo na taa. Nilishona mkanda wa kitambaa kinachong'aa, kile cha makoti ya mafundi barabara, juu ya fulana mbele na nyuma. Mita moja ilinigharimu 3,000 na ikabaki. Jirani yangu mmoja, bibi mtu mzima anayeuza visheti barazani, aliniona narudi natweta. "We mwanangu, nani anakufukuza usiku huu?" Nikamwambia, "Hakuna bibi, najifukuza mwenyewe." Akasema basi nikamilize, lakini nikirudi nipite nichukue uji. Uji wake wa pilipili manga ndio unaonibeba mwezi huu.

Mbio ndefu nimeziacha mpaka Idd. Ninachotunza ni miguu isisahau tu. Kwa anayefunga na ana kisukari, mjamzito, au anameza dawa za presha, hili asilinakili. Aanze kwa daktari.

14 Aprili. Mvua ndefu ya kwanza

Idd imepita, na masika yamefungua. Jumapili hii kilomita 14, na karibu zote chini ya mvua. Hapa ndipo nimejifunza mengi kwa mkupuo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilivaa kama ninavyovaa siku zote: suruali ya mazoezi, juu yake fulana ndefu ya pamba inayofika magotini, na ushungi wa pamba. Pamba hunywa maji na haiyaachii. Kufika kilomita ya sita ile fulana ilikuwa nzito kama ndoo, imegandamana na mapaja, na mshono wa ubavuni ulikuwa unasugua chini ya kwapa kila nikipunga mkono. Nilipofika nyumbani na kujimwagia maji mwilini nilipiga kelele. Ngozi ilikuwa imechubuka kwapani, chini ya sidiria, na ndani ya mapaja.

Jioni nilikaa kwenye cherehani nikashona upya. Kitambaa nilichotumia ni cha jezi, chepesi chenye matundu madogo, mita mbili kwa 14,000. Fulana nimeifanya ndefu kama ile ya zamani kwa ajili ya stara, lakini nimepasua pembeni mpaka nyongani na kutia kipande cha ndani, ili hatua ifunguke bila mwili kuonekana. Mishono yote nimeipiga ovaloki na kuigeuzia nje. Inachekesha ukiitazama, kama nguo iliyovaliwa kinyume, lakini hakuna kinachosugua. Kwapani sikuweka mshono kabisa. Nimekata mkono na mwili kwa kipande kimoja. Ushungi nao ni wa jezi, mfupi, umeshonwa mviringo usihitaji pini. Pini iliyolowa hufunguka wakati usioutaka.

Mafuta ya mgando, kikopo 2,500, yanapakwa kabla ya kutoka: kwapani, mapajani, chini ya lastiki ya sidiria, na katikati ya vidole vya miguu. Wanaume kikundini wanapaka chuchu, na aliyecheka mwanzoni alirudi na fulana ina madoa mawili ya damu.

Soksi ni hadithi hiyo hiyo: za pamba zimenipa malengelenge mawili kisiginoni. Nimenunua za nailoni jozi mbili kwa 6,000.

Kukausha raba. Niliziweka karibu na jiko la mkaa usiku, na asubuhi mpira wa mbele ulikuwa umejikunja na gundi ya ndani imelainika. Sasa natoa soli laini ya ndani, nalegeza kamba, najaza magazeti, nabadilisha magazeti baada ya saa chache, na naacha raba kwenye upepo, si juani wala motoni. Kwa unyevu wa Tanga wa mwezi huu hazikauki kwa usiku mmoja, hata ufanyeje. Mwenye uwezo awe na jozi mbili. Mimi nimepanga siku za mazoezi zisifuatane.

21 Aprili. Radi

Tulikatishwa na radi baada ya Chumbageni. Wengine walitaka kukimbilia chini ya miembe, na mwalimu mmoja wa sekondari aliye kikundini akawafokea mpaka wakatoka. Akatueleza hesabu yake: ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukisikia ngurumo kabla hujafika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia, kwa hiyo ingia kwenye jengo au ndani ya gari lililofungwa. Usitoke mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Mti ulio peke yake, mnazi, nguzo ya umeme, kibanda cha miti wazi pande zote: vyote hivyo si kinga.

Tulikaa msikitini tukisubiri, na zoezi likafa. Kikundi kimekubaliana kwamba mvua haitusimamishi lakini radi inatusimamisha, hata siku yenyewe.

28 Aprili. Kinywaji

Kilomita 18, ndefu ya mwisho kabla ya kupunguza. Mvua ya hapa si baridi, na huo ndio udanganyifu wake: huoni jasho kwa sababu umeshalowa, na kiu haiji. Jumapili iliyopita nilikunywa mafunda mawili tu na nikaumwa kichwa mchana kutwa. Mwenzangu alifanya kinyume, alikunywa maji matupu chupa kwa chupa, akamaliza na kichefuchefu na vidole vimevimba. Maji matupu mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu, na hilo likizidi linaweza kumlaza mtu hospitali.

Nimejaribu vitatu. Madafu ni matamu na tumbo langu linayapenda, lakini chumvi yake ni kidogo kulinganisha na inayotoka kwenye jasho. Sasa nayaweka kwa ajili ya baada ya mbio. Soda iliyotolewa gesi imenipa kichomi. Kilichokaa ni chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zile za duka la dawa, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, 500 kwa pakiti. Zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa juu, visiwe na kilima. Chumvi isizidi hapo. Nakunywa mafunda machache kila baada ya dakika ishirini hivi, na nikisikia kiu naongeza.

Chakula cha kabla: viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, saa mbili kabla. Maharage hapana.

4 Mei. Kimbunga

Mbio zilikuwa kesho. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa ikitoa tahadhari kwa siku kadhaa kuhusu Kimbunga Hidaya, na mikoa yote ya pwani, Tanga ikiwemo, imeambiwa ijihadhari. Leo kimefika Mafia. Boti za Dar es Salaam na Unguja zimesimama. Huku kwetu ni mawingu, upepo na mvua za vipindi, lakini kikundi kiliahirisha tangu jana, na sijasikia aliyenung'unika zaidi ya mpishi wa chai aliyekwisha kununua maandazi.

Tumesogeza mpaka tarehe 12. Hasara yangu ni ndogo: viazi. Tatizo ni mwili, maana nilikuwa nimeupumzisha kwa ajili ya kesho. Nimeamua kukimbia kilomita sita katikati ya wiki na tatu Ijumaa, bila kuongeza kitu. Maandalizi hayazidishwi wiki ya mwisho.

12 Mei. Siku yenyewe

Tulianza saa 12 kamili asubuhi, Raskazone, watu kama thelathini. Manyunyu. Hakuna radi. Simu nimeitia kwenye mfuko wa nailoni wa mkate na kuufunga fundo, kisha kwenye mfuko wenye zipu nilioushona kiunoni kwa nyuma. Kofia yenye ukingo juu ya ushungi, kwa ajili ya macho.

Kusi imeshaingia, na hili ndilo la kuliweka akilini kwa atakayeiga njia hii. Kutoka Raskazone kwenda Amboni upepo uko mgongoni. Huusikii. Unajiona tu una pumzi siku hiyo, umebarikiwa, na kila mtu anakwenda kwa kasi. Mazoezini nilikuwa nikikimbia kilomita moja kwa dakika saba. Kwenda nilikuwa kwenye sita na nusu, na moyo umetulia. Nikageuka kwenye dakika ya 69.

Nilipogeuka tu, mvua ikashuka kweli kweli. Ilikuja usoni, imelala, na upepo wote ukawa mbele. Kilomita tatu za kwanza za kurudi nilipambana kushika mwendo ule ule, na ndizo zilizonimaliza. Mtu mzima mmoja aliyewahi kukimbia jeshini akanipita taratibu, akasema, "Mama, usishindane na upepo, hauna nyumba ya kwenda kulala. Kaa nyuma yangu." Nikakaa nyuma yake, hatua mbili, kichwa chini, tukapokezana kila baada ya muda. Mwendo ukawa dakika nane na sikuutazama tena. Kwenye upepo wa namna ile, simu ifungwe na mtu apime kwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, punguza.

Kabla ya kuingia mjini maji yalikuwa yamefunika barabara upana wote, rangi ya chai ya maziwa. Sheria yetu ilikuwa moja: maji usiyoyaona chini unatembea, hukimbii, na unafuata katikati ya lami, mbali na mitaro. Kijana mmoja alikatisha pembeni na mguu mmoja ukaingia kwenye mtaro usio na mfuniko mpaka pajani. Alitoka na goti limechunika tu, kwa bahati. Na mimi nikahisi kitu kinanichoma kwenye kidole kupitia juu ya raba, nikaona ni kijiti, nikaendelea.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 33. Nusu ya kurudi ilinichukua dakika kumi na tano zaidi ya ya kwenda.

Sasa ndipo shida ilipoanza. Gari lenye mabegi lilikuwa limekwama upande wa pili wa yale maji. Nguo kavu zilikuwa humo zote, za kila mtu. Wakati unakimbia mwili ni tanuri. Ukisimama, nguo mbichi na kusi vinakunyang'anya joto lote. Baada ya dakika kumi nilianza kutetemeka, meno yanagongana, vidole haviwezi kufungua kamba ya raba. Tanga, mwezi wa Mei, nyuzi joto ishirini na kitu! Asingeniambia mtu nikaamini. Mama wa chai alinifunga kanga yake juu ya kila kitu, akanipa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi na kuniketisha nyuma ya ukuta. Niliacha kutetemeka, lakini nguo kavu zilifika baada ya dakika arobaini.

Marekebisho: kila mtu ana mfuko mdogo wa pili, kanga au taulo, fulana na ndala, ndani ya nailoni, unaobaki pale pale mwisho wa mbio na mtu asiyekimbia. Haupandi gari.

15 Mei. Miguu

Siku ya kwanza niliweza. Siku ya pili ndiyo ilikuwa kaburi. Maumivu ya misuli ya namna hii hupanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka yenyewe. Ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo zinajiunga. Mapaja ya mbele yaligoma kushuka ngazi. Nilishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, na wanangu walikuwa na siku nzuri.

Cherehani yangu ni ya miguu. Kila kukanyaga pedeli kulipanda kwenye shavu la mguu kama mtu anachomeka sindano. Nilikuwa na sare za shule za watu, basi nikazungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja.

Niliyoyajaribu: shoga yangu alinikanda kwa nguvu na dawa ya kuchua jioni ya kwanza, na kesho yake nilikuwa mbaya zaidi. Kukanda kwa wepesi siku ya tatu kulinisaidia. Kutembea dakika ishirini asubuhi na jioni kulisaidia kuliko vyote, ingawa dakika tano za mwanzo ni za kulia. Kulala mapema. Kula: maziwa, mayai, samaki, wali, bila kujinyima. Duka la dawa niliomba dawa ya kutuliza maumivu ya aina ya ibuprofen. Muuzaji akaniuliza kama nimeshapata mkojo wa kawaida tangu mbio. Alieleza kwamba dawa za kundi hilo zikimkuta mtu amekaukiwa maji huweza kuumiza figo, na kwa sababu hiyo hiyo zisimezwe kabla ya kukimbia. Akanipa panadol. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, alisema, usije dukani, nenda hospitali.

Ukucha wa kidole cha pili umekuwa mweusi. Hauumi, nimeuacha. Lengelenge la kisiginoni sikulitoboa.

18 Mei. Homa

Misuli imepoa, nikajua nimevuka. Juzi usiku homa, baridi, kichwa. Nyumbani kila mtu ameshajua ni malaria, na dawa ilikuwa mezani kabla sijaamka. Nilikataa kumeza kabla ya kupima. Kituo cha afya kipimo cha haraka kilionyesha hakuna malaria. Tabibu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: uliingia maji ya mafuriko, na una kidonda? Nikakumbuka kijiti. Kidole kidogo kilikuwa chekundu na kimevimba, na katikati ya vidole palikuwa na tundu lenye usaha ambalo nilidhani ni lengelenge.

Akakisafisha, akanipa dawa za kumaliza zote, na kuniambia nirudi homa ikikaa zaidi ya siku mbili, kwa sababu maji ya mafuriko hubeba mkojo wa panya na wanyama, na humo ndimo hutoka homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Huweza kuchukua wiki moja au mbili kujionyesha, na macho yakiwa ya njano nisingoje kesho. Homa ilikata siku iliyofuata.

Kipimo, kusafisha na dawa vimegharimu 17,000. Kwenye bajeti haikuwemo.

Kwa hiyo hatua hii imeingizwa kwenye orodha ya kikundi: ukitoka kwenye maji ya mafuriko, osha miguu kwa sabuni na maji safi siku ile ile, fungua vidole kimoja kimoja na tazama kwa taa. Penye mchubuko weka dawa ya kidonda. Mwenye kidonda mguuni kabla ya mbio haingii kwenye maji hayo, azunguke au apande bajaji.

2 Juni. Kurudi barabarani

Kipimo changu kimekuwa cherehani: nilisubiri nishone siku nzima bila kuusikia mguu. Kisha nilianza na kutembea dakika nne, kukimbia moja, kwa nusu saa. Leo nimekimbia kilomita tano kwa mwendo wa kusimulia hadithi. Kidole kimefunga. Ukucha umeanza kuinuka wenyewe, chini yake kuna mpya mwembamba.

Mwenzangu mmoja alirudi barabarani siku ya nne kwa sababu alijisikia vizuri, na sasa ana maumivu ya goti upande wa nje yanayoanza kila akifika kilomita ya pili. Amepumzishwa.

9 Juni. Hesabu

Mchango 15,000. Raba 38,000, gundi 2,000 iliyopotea bure, kushona 5,000. Kitambaa cha jezi 14,000, mkanda wa kung'aa 3,000, soksi 6,000, mafuta ya mgando 2,500. Chumvichumvi, zote pamoja, 6,000. Panadol na dawa ya kuchua 4,500. Matibabu 17,000. Jumla 113,000, chini kidogo ya nilichotenga, lakini ni kwa sababu ushonaji sikumlipa mtu. Kwa asiyeshona, fundi atataka 10,000 hivi kwa fulana ya namna ile.

Kwa vipimo vya fulana: urefu kutoka begani mpaka juu kidogo ya goti, upana wa kifua ongeza sentimita kumi na mbili, mpasuo wa pembeni sentimita thelathini na tano, kipande cha ndani cha pembetatu chenye kitako cha sentimita ishirini. Usiweke pindo nene chini, linashika maji. Kunja mara moja tu na upige mshono wa zigizaga. Wateja wawili wa kikundi wameshaleta vitambaa vyao, na mmoja anataka mfuko wa simu uhamie kifuani. Nimemwambia utampiga kidevuni akikimbia, hakubali. Nitamshonea.